ITUNZE PIKIPIKI IKUTUNZE
Somo kwa waendeshaji wapya na wenye pikipiki



Zamani mtu wa kijijini akiugua usiku alibebwa kwa machela au kwa baiskeli mpaka zahanati. Siku hizi tunapiga simu, na baada ya muda mfupi tunasikia mlio wa pikipiki. Pikipiki inapeleka mama mjamzito hospitali, inapeleka mbegu shambani, inaleta samaki na chumvi. Kijana asiye na shamba kubwa anapata riziki kwayo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba pikipiki ni kitu kibaya.

Lakini pikipiki hiyo hiyo imewaacha wengi na vilema. Wengine wameuza ng'ombe au mpunga wa mwaka mzima ili wanunue chombo, na baada ya miezi michache wamebaki na deni na chuma kibovu uani.

Watu husema, "Ajali haina kinga." Je, ni kweli? Katika somo hili tutaona kwamba ajali nyingi zina kinga, na hasara nyingi zina kinga. Tutajifunza mambo matano: kununua, kujifunza kuendesha, kinga ya kichwa, matunzo, na hesabu pamoja na mkataba.

1. KABLA YA KUNUNUA, SOMA

Wewe umejifunza kusoma. Basi hapa ndipo kusoma kunapolipa.

Kila pikipiki ina kadi ya usajili. Katika kadi mna jina la mwenye pikipiki, namba ya usajili, namba ya injini na namba ya chesisi. Hapa Tanzania namba ya usajili ya pikipiki huanza na herufi MC. Namba ya injini imegongwa kwenye injini yenyewe. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha fremu, mara nyingi karibu na shingo ya usukani.

Ukitaka kununua pikipiki iliyotumika, chukua kadi mkononi, piga magoti, futa vumbi, usome namba moja baada ya nyingine. Zote zifanane, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Ukikuta tarakimu moja haifanani, au pamesuguliwa kwa tupa, acha. Usikubali kuambiwa, "Hilo ni kosa la mwandishi tu, kaka." Huenda ni mali ya wizi, nawe utaulizwa na polisi.

Tazama pia jina. Je, anayeuza ndiye mwenye jina katika kadi? Kama siye, mwenye jina yuko wapi? Mkishauziana, andikishaneni, kisha mfuate utaratibu wa kubadili jina katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato. Pikipiki ambayo kadi yake ina jina la mtu mwingine bado haijawa yako sawasawa.

Baada ya hapo iko bima. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, inatakiwa na sheria. Kazi yake ni kulipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine. Haitengenezi pikipiki yako, wala haikurudishii ikiibiwa. Wengi hawajui jambo hili mpaka siku ya msiba. Tena soma tarehe ya mwisho ya bima. Bima iliyokwisha jana ni sawa na karatasi ya kufungia karanga.

2. JIFUNZE UWANJANI, SIYO BARABARANI

Mtu anayejua baiskeli hudhani kwamba anajua pikipiki. Hapana. Baiskeli ukichoka inasimama. Pikipiki ukishtuka unaweza kuvuta mafuta badala ya breki, nayo ikaruka mbele.

Chagua mahali tambarare pasipo watoto, kama uwanja wa mpira wakati wa asubuhi. Uwe na mtu anayejua na mwenye leseni. Kabla ya kuwasha injini, kaa juu yake, ukariri kazi ya kila mkono na kila mguu:

Mkono wa kushoto: klachi.
Mguu wa kushoto: gia.
Mkono wa kulia: mafuta na breki ya mbele.
Mguu wa kulia: breki ya nyuma.

Rudia mpaka mikono na miguu ijue bila kuulizwa. Kisha washa, uondoke taratibu kwa gia ya kwanza, usimame. Ondoka tena, simama tena. Anayeweza kusimama vizuri ndiye anayeweza kuendesha. Ukishajua hayo, nenda ukapate leseni ya daraja la pikipiki. Bila leseni hujaruhusiwa kuendesha, hata kama njia ni ile ya kwenda kisimani.

Juu ya breki

Vijana wengi huambiwa wasiguse breki ya mbele, eti itawarusha. Basi hutumia ya nyuma peke yake miaka yote. Hili ni kosa kubwa. Unapofunga breki, uzito husukumwa mbele. Gurudumu la mbele hukandamiza ardhi kwa nguvu, la nyuma huwa jepesi. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi. Breki ya nyuma peke yake huchelewa, na mara nyingi gurudumu hufunga na kuteleza.

Tumia zote mbili kwa pamoja. Ile ya mbele ikamue kidogo kidogo kama unayekamua chungwa, usiikabe kwa ghafla. Kwenye mchanga, matope au changarawe ikamue kwa upole zaidi. Usifunge breki ya mbele huku umekata kona.

Hesabu ya mwendo

Tufanye hesabu ndogo. Mwendo wa kilomita 36 kwa saa ni sawa na mita 10 kwa sekunde moja. Mwendo wa kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde moja.

Ukiona ng'ombe amekatisha barabara, unahitaji kama sekunde moja kushtuka na kufikia breki. Ndipo pikipiki huanza kupunguza mwendo. Kwenye lami kavu, kwa breki nzuri, hesabu yake ni karibu kama hivi:

Kilomita 36 kwa saa: kushtuka mita 10, breki mita 10. Jumla mita 20.
Kilomita 72 kwa saa: kushtuka mita 20, breki mita 40. Jumla mita 60.

Umeona? Mwendo umezidi mara mbili, lakini breki imehitaji nafasi mara nne. Tuseme ng'ombe yuko mita 30 mbele yako. Kwa mwendo wa kwanza unasimama, na mita 10 zinabaki. Kwa mwendo wa pili utamgonga ukiwa bado kwenye kasi inayozidi kilomita 60 kwa saa. Ng'ombe ni yule yule, barabara ni ile ile. Tofauti ni mkono wako wa kulia. Na kwenye barabara ya vumbi nafasi inayotakiwa ni kubwa zaidi ya hiyo.

Kwa sababu hiyo sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa palipo na makazi ya watu. Na penye shule, mnada au kisima, hata hizo 50 ni nyingi.

Barabara zetu

Mchanga: punguza mwendo kabla ya kuingia. Tumia gia ndogo, vuta mafuta sawasawa, tazama mbele na siyo gurudumu.

Udongo mweusi wa mbuga: ukilowa unateleza kama sabuni na kujaa kwenye matairi. Shuka, usukume. Kushuka siyo aibu.

Korongo lenye maji: kama huoni chini, usivuke. Subiri yapungue.

Vumbi la lori: usilipite. Hujui kinachokuja upande wa pili. Kaa pembeni, vumbi litulie.

Usiku: taa iwake mbele na nyuma. Kama huna taa, lala ulikofikia.

Pombe: ikiwa umekunywa, hata kidogo, mpe mwingine asiyekunywa au uiache pikipiki. Gongo haijui kufunga breki.

3. KICHWA HAKINA SPEA

Kofia ngumu, ambayo vijana huiita elementi, si pambo wala si ya kumwogopa trafiki.

Mwaka 1935 Mwingereza mmoja mashuhuri, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki huko Uingereza. Hakuwa na kofia ngumu, akafa baada ya siku chache. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama ni Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Daktari huyo aliendelea kuchunguza vifo vya askari waendesha pikipiki, na mwaka 1941 alichapisha maandishi yaliyoonyesha faida ya kofia ngumu.

Mwaka 2008 wataalamu walikusanya uchunguzi wa nchi nyingi na kuona kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Maana yake nini? Kama watu 100 wangekufa kwa kukosa kofia, karibu 42 kati yao wangepona kama wangevaa. Hao 42 ni baba, mama na watoto wa watu.

Ili kofia ifanye kazi, shika haya:

(a) Ikubane vizuri, isicheze kichwani.
(b) Funga mkanda wa kidevuni. Kofia isiyofungwa hutangulia kuanguka.
(c) Kofia ya fundi ujenzi siyo ya pikipiki.
(d) Kofia iliyokwisha kugonga chini kwa nguvu katika ajali imemaliza kazi yake. Nunua nyingine.
(e) Abiria naye avae. Kama anaona kinyaa kwa jasho la wengine, atangulize kitambaa chepesi kilicho safi.

Kuhusu abiria

Pikipiki ni ya mwendeshaji na abiria mmoja. Mshikaki, yaani kupakia watu wawili au watatu nyuma, ni hatari na ni kosa. Breki zilitengenezwa kwa uzito fulani, ukiuzidisha hazikusikii. Mtoto asikalishwe juu ya tangi la petroli, maana pale yeye ndiye atakayetangulia kugonga.

Mama au dada anayepanda akusanye kanga, mtandio na khanga ya kubebea mtoto, asiache ncha zikining'inia. Kitambaa kikishikwa na cheni au spoku humvuta mtu chini kwa sekunde moja. Wewe mwendeshaji ndiye unayepaswa kutazama na kusema, "Mama, funga kanga vizuri kwanza." Usione haya. Tena abiria apande upande wa kushoto, kwa sababu katika pikipiki nyingi bomba la moshi liko kulia, nalo huunguza vibaya.

Ajali ikitokea

Msimnyanyue majeruhi kwa kumvuta mikono, wala msimkunje shingo. Msimvue kofia kwa nguvu. Ivueni pale tu anaposhindwa kupumua kwa sababu yake. Penye damu nyingi kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia. Msimpakie majeruhi mahututi katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Tafuteni gari, au machela kama wazee wetu walivyofanya. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Mmoja aende kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3, wengine wampeleke mgonjwa hospitali bila kuchelewa.

4. MATUNZO: VIDOLE VITANO VYA ASUBUHI

Kila asubuhi kabla ya kuwasha, hesabu vidole vya mkono mmoja.

Kidole cha kwanza, matairi. Tazama upepo, misumari na mipasuko. Kiasi cha upepo kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Tairi lililokwisha meno halishiki tope.

Cha pili, breki. Kamua ya mbele, kanyaga ya nyuma. Kila moja ishike kabla hujafika mwisho.

Cha tatu, cheni. Injini ikiwa imezimwa, inua cheni kwa kidole katikati. Katika pikipiki nyingi inatakiwa icheze kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Ikilegea sana itachomoka, ikikaza sana itakatika. Isafishe kwa mafuta ya taa na kuipaka oili safi. Usisafishe cheni huku injini inazunguka. Wapo waliopoteza vidole.

Cha nne, oili ya injini. Simamisha pikipiki wima, injini iwe imepumzika, utazame kijiti cha kupimia au kioo kidogo cha pembeni. Oili iwe kati ya alama mbili.

Cha tano, taa na honi. Taa ya mbele, ya nyuma, ya breki, na indiketa.

Kazi hiyo haifiki dakika tano. Usipoziba ufa utajenga ukuta: oili ya lita moja ukiikosa, utanunua injini.

Pikipiki mpya isibebeshwe mizigo mizito wala kuvutwa mafuta hadi mwisho katika siku za kwanza. Vyuma vya ndani bado vinazoeana, na unga wa chuma unaingia kwenye oili. Ndiyo sababu oili ya kwanza humwagwa mapema, mara nyingi kwenye kilomita 500 hivi. Baada ya hapo fuata kitabu chake. Wakati wa kiangazi, chujio la hewa lisafishwe mara nyingi zaidi, maana vumbi letu ni adui wa injini.

Neno moja juu ya petroli. Wengi huingiza pikipiki ndani wakiogopa wezi. Basi isiwe chumba chenye kibatari, mshumaa au jiko, wala chumba cha kulala. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kuufuata moto. Tena usiwashe injini ndani ya nyumba iliyofungwa. Katika moshi wake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu aliyelala bila yeye kujua. Petroli usiitie katika chupa ya soda ndani ya nyumba. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti.

5. HESABU NA MKATABA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa kijana anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine. Fedha hizi ni za mfano tu. Wewe weka za kwako.

Kwa siku anapata sh. 18,000. Hesabu ya tajiri ni sh. 8,000. Kijana anasema, "Mimi nabaki na sh. 10,000 kila siku." Je, ni kweli? Tazama daftari la wiki moja ya siku 6:

Mapato: 18,000 x 6 = sh. 108,000
Hesabu ya tajiri: 8,000 x 6 = sh. 48,000
Petroli: 6,000 x 6 = sh. 36,000
Oili na matengenezo: sh. 9,000
Akiba ya tairi: sh. 5,000
Jumla ya matumizi: sh. 98,000
Baki: 108,000 – 98,000 = sh. 10,000

Kumbe zile sh. 10,000 alizodhani ni za siku moja ndizo za wiki nzima! Bila kuandika asingejua. Angekula akiba ya tairi, na tairi likipasuka angekopa. Akishajua, anaweza kukaa na tajiri wake na kuzungumza akiwa na daftari mkononi.

Wengine huchukua pikipiki kwa mkataba: analeta fedha kila siku, na baada ya muda pikipiki inakuwa yake. Tuseme ni sh. 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 52. Piga hesabu: 10,000 x 6 x 52 = sh. 3,120,000. Linganisha jumla hiyo na bei ya dukani ndipo ukubali au ukatae.

Kisha soma mkataba wote, au usomewe na mtu unayemwamini, kabla ya kutia sahihi. Tafuta majibu ya maswali haya:

Injini ikifa, nani analipa?
Bima na matengenezo ni ya nani?
Nikiugua wiki mbili, je, siku zile zinasogezwa mbele au nanyang'anywa?
Pikipiki ikiibiwa, deni linakuwaje?
Kadi itabadilishwa jina siku gani?

Kama jibu halimo katika karatasi, liandikwe. Maneno ya mdomo hupeperuka. Mtie sahihi mbele ya mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala yake. Kila malipo yaandikwe tarehe na kiasi, na wote wawili watie sahihi. Ukiruka siku moja bila kuandika, siku ya ugomvi hutakuwa na ushahidi.

Na wewe tajiri mwenye pikipiki, nawe una wajibu. Ukimdai kijana hesabu kubwa kuliko njia inavyoweza kutoa, unamfukuza aende mbio, apakie mshikaki, aendeshe usiku akisinzia. Chombo kinachovunjika ni chako, na mtoto anayezikwa ni wa kijiji chetu.

TULIYOJIFUNZA

Basi tuurudie ule msemo: "Ajali haina kinga." Tumeona kinga zake: mwendo wa kiasi, breki mbili, kofia iliyofungwa mkanda, vidole vitano vya asubuhi. Hasara nayo ina kinga: kadi iliyosomwa, daftari lililoandikwa, mkataba ulioeleweka.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni ajali gani za pikipiki zimetokea kijijini kwetu? Ni zipi ambazo zingeweza kuzuiwa, na kwa njia gani?
2. Mwendeshaji anapata sh. 15,000 kwa siku kwa siku 6. Petroli ni sh. 5,000 kwa siku, hesabu ni sh. 7,000 kwa siku, na matengenezo ni sh. 8,000 kwa wiki. Anabaki na kiasi gani? (Jibu: sh. 10,000.)
3. Kwa nini breki ya mbele husimamisha zaidi kuliko ya nyuma?
4. Andika mkataba mfupi wa pikipiki wenye majibu ya yale maswali matano.
5. Je, kijiji chetu kinaweza kuweka machela na sanduku la huduma ya kwanza karibu na kijiwe cha bodaboda? Nani aanze?

MANENO YA KUKUMBUKA

Chesisi: fremu ya chuma inayobeba pikipiki.
Bima ya mtu wa tatu: bima inayolipa madhara aliyopata mtu mwingine.
Mahututi: aliye katika hali mbaya sana.
Nakala: karatasi ya pili inayofanana na ya kwanza.
Mshikaki: kupakia abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki.